Koti la Maana ya Thelathini na Moja

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Nimeagizwa niseme hivyo mwanzoni kabisa, na nimesaini. Kwa hiyo ukikuta kitu kinachofanana na cha kwenu, ujue macho yako yana matatizo, na uende hospitali, kama hospitali ya kwenu ina dawa.

Mimi naitwa Anatoli Mwasumbi, karani wa masjala katika Wizara ya Maana. Nimetumikia Serikali miaka kumi na tisa, na sina ugomvi na mtu. Naeleza tu mambo yalivyokwenda.

Wizara yetu ilianzia kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu wa Taifa. Balozi mmoja, ambaye nadhani alikosa muda wa kupita dukani, alimletea zawadi ya kamusi ya Kiingereza nene kama tofali. Mlezi Mkuu si mtu wa kusoma, ana watu wa kumsomea, lakini alikuwa amekaa anasubiri keki, akaifungua katikati. Akakutana na neno "run".

Ni neno dogo, herufi tatu tu. Kwetu mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba maana yake ni kukimbia, basi. Lakini ile kamusi ilikuwa haijamaliza. Ilisema mtu anakimbia, sawa, ila pia maji yanatiririka, pua inatoka kamasi, mashine inafanya kazi, basi linafuata njia yake, kitenge kinachuja rangi, mtu anaendesha duka, anatorosha bidhaa mpakani, anagombea uchaguzi, anatawala nchi, na yote hayo wenye lugha yao wanasema "run" na wala hawaoni aibu. Mlezi Mkuu akaanza kuhesabu kwa kidole. Keki ikaletwa, ikakauka. Alipofika mia sita na arobaini akaifunga kamusi, na wasaidizi wake wanasema macho yalikuwa mekundu.

"Nchi yangu ina wilaya arobaini na moja," alisema. "Neno moja la watu lina maana mia sita na arobaini. Mimi nina jeshi, nina mlima, nina timu ya taifa, halafu nazidiwa na herufi tatu?"

Jumatatu iliyofuata neno lilitaifishwa.

Amri ilisomwa redioni baada ya taarifa ya hali ya hewa. Kila maana ya neno hilo ingekuwa na Mkuu wa Maana wake, mwenye ofisi, muhuri, kiti cha kuzunguka na koti. Na shughuli yoyote inayoangukia chini ya maana fulani isingefanyika bila kibali cha Mkuu wa Maana husika. Wanariadha waliomba kibali kabla ya mazoezi. Wenye watoto wa mafua walipanga foleni kwa Mkuu wa Maana ya Kamasi, na wengi wa watoto walipona wakiwa kwenye foleni, jambo ambalo Wizara ililitangaza kama mafanikio. Maana ya kutawala nchi Mlezi Mkuu aliibakiza kwake mwenyewe, ili kumpunguzia mtu mwingine mzigo. Maana ya kugombea uchaguzi haikupewa mtu. Faili lake liliwekwa kwenye kabati la chuma, kabati likapelekwa stoo, na mlango wa stoo ukajengewa matofali. Nilikuwepo. Fundi alifanya kazi safi sana.

Kwa upande wa ajira ulikuwa wakati mzuri. Hakuna mkubwa aliyebaki na shemeji asiye na kazi.

*

Sasa nieleze habari ya makoti, maana usipoelewa makoti hutaelewa kitu.

Ofisa wa kwetu hufika kazini saa mbili asubuhi. Huvua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti. Hufungua faili moja mezani, akalaza juu yake kalamu iliyofunguliwa kifuniko. Kisha hutoka kidogo. Kutoka kidogo kunaweza kuchukua saa moja na kunaweza kuchukua mwaka. Mwananchi akija kuuliza, huambiwa, "Yupo, si unaona koti lake?"

Zamani hiyo ilikuwa desturi tu, wala haikuandikwa popote, na wananchi walikuwa wanalalamika. Serikali yetu ni sikivu. Iliyasikia malalamiko ikatoa Waraka Namba Tisa, nao ni mfupi: "Palipo na koti la Mkuu wa Maana, Mkuu wa Maana yupo." Malalamiko yalikwisha siku hiyohiyo, kwa sababu kisheria hapakuwa tena na ofisa hata mmoja asiyekuwepo.

Kazi yangu ikawa kuyahesabu makoti kila asubuhi, kuyapangusa vumbi mabegani, na kuyatia tiki kwenye daftari la mahudhurio. Yalikuwa makoti mazuri, nisiseme uongo. Sufu nzito ya rangi ya majivu, bitana laini ndani, na namba ya maana imedariziwa kwenye ukosi kwa uzi wa dhahabu. Mkuu wa Maana ya Kumi na Mbili, ile ya mashine kufanya kazi, alifariki miaka miwili iliyopita. Nilikwenda kuzika. Koti lake liliendelea na kazi kama kawaida, na mwaka jana lilipandishwa cheo kwa kutokuwa na utoro.

*

Bi. Zamaradi Kihwelo alifika dirishani kwangu siku ya Jumanne, amebeba mkoba wa plastiki na ana vumbi la safari mpaka kwenye kope.

"Kaka, habari za kazi?"

"Nzuri, mama. Una shida ya maana gani?"

"Ndiyo hiyo sijui," alisema. "Mimi ni mkunga, nipo Zahanati ya Majimbali, kule mlimani. Wafadhili wametuchimbia kisima. Wameweka pampu, tangi, mabomba mpaka wodini. Kuna kitufe kimoja tu cha kijani, kimeandikwa 'run'. Hatujakibonyeza hata mara moja, akaja mkaguzi wenu, akakizungushia utepe mwekundu, akaweka na askari. Anasema mpaka Wizara iamue ni maana ipi. Huu mwezi wa saba."

"Na nyie huko mnaona ni maana ipi?"

"Sisi tunaona ukibonyeza, maji yanatoka."

Nilimwonea huruma. Ni mtu wa kazi za mikono, hajafundishwa kwamba jambo lina pande nyingi.

Akanieleza kwamba Majimbali mwanamke akienda kujifungua hubeba ndoo mbili za maji kutoka mtoni, moja ya kwake na moja ya mtoto. Mto uko chini ya mteremko. Mwezi uliopita mmoja alishikwa na uchungu akiwa katikati ya mteremko, ndoo kichwani.

"Yeye tulimwahi," alisema Bi. Zamaradi. "Mtoto hatukumwahi."

Hakupandisha sauti. Aliutazama mkoba wake, akaukunja mshikio, akaukunjua tena.

"Sasa yupo wifi yangu, Nyamizi, mke wa mdogo wangu. Zimebaki wiki mbili tu. Tumbo kubwa, miguu imevimba kama mito. Akishuka na zile ndoo, kaka yangu, mimi sioni akipanda. Nataka kabla ya hapo maji yawe yametoka."

Niliandika kwenye fomu: mlalamikaji ana shida ya maji. Nikamweleza kuwa suala lake linagusa wakuu wawili, wa Kumi na Mbili kwa upande wa mashine, na wa Thelathini na Moja kwa upande wa maji kutiririka, na kwamba kwa bahati nzuri wote wawili walikuwa ofisini.

Alifurahi. Akaingia kwa wa Thelathini na Moja, ndiye aliyekuwa hai. Baada ya dakika kumi akatoka.

"Humu hamna mtu."

"Mama, koti si lile pale?"

"Naliona. Mwenyewe je, anarudi saa ngapi?"

"Hawezi kurudi, mama. Hajaondoka."

Mwenye koti, Ndugu Lugongo, nilimwona mara ya mwisho mwaka juzi. Nasikia anafuga kuku wa mayai nje ya mji, kwa kibali cha Mkuu wa Maana ya Kuendesha Biashara, ambaye naye ni koti. Lakini hayo hayakuwa ya kumweleza mgeni. Bi. Zamaradi akarudi ndani, akakaa mbele ya koti. Alikaa siku tatu. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili alianza kulisimulia habari za Nyamizi na mteremko. Siku ya tatu alilitukana kidogo. Niliandika kwenye daftari kwamba mazungumzo yalikuwa ya wazi na ya kirafiki.

*

Ijumaa Kamati ya Vitufe ilikaa. Mwenyekiti wake ni Katibu Mkuu wa Wizara, Dakta Leonsi Mkumbukwa, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kanisani. Wajumbe ni kumi na wawili. Niliwabeba kwa hanga, safari mbili, nikamtundika kila mmoja kwenye kiti chake, nikawawekea maji ya kunywa.

Kanuni za Kamati si ngumu. Ya Nne, ambayo ndiyo kubwa, inasema kwamba hoja inapita ikikosa sauti ya kuipinga, na sauti moja tu ya mjumbe inatosha kuiangusha. Ni kanuni ya kidemokrasia sana. Tangu Kamati iundwe haijawahi kuangusha kitu.

"Waheshimiwa wajumbe!" alianza Dakta Mkumbukwa. "Leo tunacho kitufe. Kitufe kinasema 'run'. Swali langu kwenu ni moja. Kinamwambia nani? Kama kinaiambia mashine ifanye kazi, hatuna tatizo. Kama kinayaambia maji yatiririke, hatuna tatizo. Lakini je, kama kinawaambia wagonjwa wakimbie? Zahanati itabaki na nani? Je, kama kinaziambia rangi za bendera yetu zichuje?" Hapo akashusha sauti na kutazama dirishani. "Na je, waheshimiwa, kama kinamwambia mkunga agombee?"

Makoti yalipigwa na butwaa. Hakuna lililojitikisa.

"Natoa hoja kwamba kitufe kiendelee kufungwa kwa miaka mitatu, wakati wataalamu wetu wakienda nje kujifunza vitufe vya wenzetu. Kuna anayepinga?"

Inzi alitua kwenye mkono wa Mheshimiwa wa Thelathini na Moja, akatembea mpaka kwenye kifungo, akaruka.

"Mimi napinga," ilisikika sauti kutoka benchi la wananchi. Alikuwa Bi. Zamaradi, amesimama.

Dakta alimtazama kwa upole. "Mama, una koti?"

"Sina."

"Basi hujapinga. Hoja imepita kwa kauli moja."

*

Nilitegemea atakuja dirishani kulia, kama wengine. Nilikuwa nimemwandalia kiti. Alikuja na macho makavu.

"Huo waraka wenu nioneshe."

Nikamwonesha. Waraka Namba Tisa nimeuweka kwenye fremu, naupangusa mwenyewe. Aliusoma mara mbili, midomo ikichezacheza.

"Hapa hapajasemwa koti liwe wapi."

"Haina haja. Koti linaweza kuwa popote."

"Likiwa Majimbali?"

"Basi Mkuu wa Maana yupo Majimbali," nilimjibu kwa fahari. "Tunaita ziara ya kikazi."

"Wamewahi kwenda ziara?"

Niliangalia daftari. Safu ya ziara ilikuwa tupu tangu ukurasa wa kwanza.

"Hakuna aliyewahi kuwaalika," nilisema.

"Mimi nawaalika. Wote wawili. Leo."

Msomaji, nilitafuta kipengele cha kumkatalia. Nilikitafuta kwa moyo wote, maana nina familia. Fomu ya ziara inataka vitu vitatu: mwenyeji, sababu, na karani wa kuongozana na ofisa. Mwenyeji alikuwa amesimama mbele yangu. Sababu alishaieleza siku tatu mfululizo mbele ya ofisa mwenyewe, na ofisa hakuikataa. Karani nilikuwa mimi. Nikagonga muhuri.

Tulipata lori la viazi lililokuwa linarudi mlimani tupu. Kwa kuwa ni viongozi, makoti yalikaa mbele na dereva, yamefungwa mkanda. Mimi na Bi. Zamaradi tulikaa nyuma juu ya magunia matupu, tukasafiri usiku kucha.

*

Majimbali walipata habari kabla hatujafika. Wanafunzi walikuwa wamepangwa barabarani na kuimba, kwa sababu mgeni wa Wizara huimbiwa, awe na kichwa au asiwe nacho. Mwenyekiti wa kijiji alitoa viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma, tukawatundika wakubwa barazani, na kila mmoja akafunguliwa soda na kuwekewa mrija.

Askari aliyekuwa analinda kitufe anaitwa Koplo Sijaona. Ni mtu mwaminifu. Miezi saba alikuwa analala ubavuni mwa pampu, na maji ya kunywa akinunua kwa watoto waliotoka mtoni. Alipoona namba za dhahabu kwenye ukosi alipiga saluti mpaka kofia ikadondoka.

Nyamizi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya zahanati. Pembeni yake palikuwa na ndoo mbili tupu, moja ndani ya nyingine.

"Wifi, umekuja na nani hao?"

"Na wakubwa. Na wewe hizo ndoo za nini?"

"Uchungu umeanza tangu asubuhi," alisema Nyamizi, kama mtu anayeomba radhi. "Umekuja mapema. Nikasema ngoja nishuke mara moja kabla haujakolea."

Bi. Zamaradi alizichukua ndoo akazitupia mbali, zikabingirika mpaka kwenye mahindi ya mwenyekiti. Kisha akamgeukia Koplo.

"Afande, fungua huo utepe."

"Mama, nahitaji amri ya mkubwa."

"Wakubwa si hawa? Waulize kama kuna anayepinga."

Koplo alinitazama mimi. Kijiji kizima kilinitazama. Nikafungua kabrasha langu la kanuni, nikamwambia kwamba ndiyo, hivyo ndivyo inavyofanyika makao makuu.

Akasimama wima mbele ya viti. "Waheshimiwa! Kuna anayepinga kitufe kubonyezwa?"

Soda zilikuwa zinatoa mapovu. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ya gwaride. Akauliza mara ya tatu.

"Hoja imepita," alisema mtu, na nilipoangalia ni nani, nilikuwa mimi.

Koplo alikata utepe kwa kisu. Bi. Zamaradi alikibonyeza kitufe kwa kidole gumba. Pampu ilikohoa, ikanguruma, ikanyamaza, watu wakashika vichwa, halafu ikanguruma tena na kuendelea. Hapo ndipo tulipogundua kwamba mabomba yote yalikuwa yameachwa wazi, kwani miezi saba hapakuwa na sababu ya mtu kuyafunga. Maji yalitoka kila mahali kwa wakati mmoja. Yalitoka kwenye sinki, kwenye bomba la uani, kwenye bomba la ukutani wodini juu kabisa ya fuko la kanga za Nyamizi. Kabrasha langu la kanuni lililowa kuanzia Kanuni ya Kwanza hadi ya Sitini. Wanawake walipiga vigelegele. Bi. Zamaradi alikimbia huku na huko akifunga mabomba, amelowa chapachapa, anacheka na kulia kwa pamoja, na Koplo Sijaona alikuwa ameinama kwenye bomba la uani anakunywa kama ng'ombe.

Nyamizi aliingizwa ndani. Sisi wanaume tulibaki barazani na wakubwa. Saa nane mchana tukasikia mtoto. Tukapeana mikono. Kisha tukasikia sauti ya Bi. Zamaradi ikisema, "Subiri, kuna mwingine huku," na ikasikika sauti ya pili.

Majimbali kuna baridi hata mchana, na kanga zote zilikuwa zinachuruzika maji. Bi. Zamaradi akatoa kichwa mlangoni.

"Karani! Nipe hao wakubwa wako!"

"Mama, Waraka hausemi lolote kuhusu..."

"Nipe, nimekwambia!"

Nilimpa. Kwanza wa Thelathini na Moja, kisha wa Kumi na Mbili. Baadaye aliniita nikaona. Walikuwa wawili, msichana na mvulana, wameogeshwa maji ya moto, wamefungwa ndani ya ile sufu nzito hadi kidevuni, namba ya dhahabu chini ya shavu. Yale makoti nimeyapangusa kwa miaka mingi, lakini sikuwa nimewahi kuyaona yakimpa mtu joto. Nilifurahi. Neno hilo sijawahi kuliandika kwenye taarifa yoyote ya Serikali, na sijui linaandikwa safu ipi.

*

Nilibaki huko, kwa sababu kanuni hairuhusu karani kumwacha ofisa ziarani. Kanga zilikauka, lakini Nyamizi alisema mapacha wanalala vizuri kwa maofisa kuliko kwenye kanga, na baridi ilikuwa haijapungua.

Makao makuu, viti viwili vilikutwa vitupu. Haikuwahi kutokea. Dakta Mkumbukwa aliandika amri siku hiyohiyo, nayo ilitufikia baada ya siku tisa kwa kuwa ilipitia kwa Mkuu wa Maana ya Kupeleka Ujumbe. Ilisema makoti yarudi mara moja, yaketi kwenye Kamati. Na kwa kuogopa kwamba mifukoni mna siri za Serikali, aliongeza kwamba yarudi jinsi yalivyo, na ni marufuku kufungua kifungo au kutoa kitu chochote kilichomo ndani.

"Jinsi yalivyo?" aliuliza Bi. Zamaradi.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Aliwatazama mapacha, waliokuwa wamelala, kila mmoja kafungiwa vifungo vyake.

"Nyamizi," alisema, "jiandae wifi yangu. Tunakwenda mjini, tumeitwa kikaoni."

*

Getini Wizarani tulimkuta mwanaume mmoja mwenye shati lenye manyoya ya kuku anagombana na mlinzi.

"Mimi ndiye Maana ya Thelathini na Moja! Mimi ndiye Lugongo! Nasikia koti langu limefanya kazi, nataka kujua limefanya kazi kwa idhini ya nani!"

"Koti lako liko wapi?" mlinzi alimuuliza.

"Si ndilo hilo linapita!"

Mlinzi aliangalia. Nyamizi alikuwa anapita na mtoto kifuani. "Maana ya Thelathini na Moja imeshaingia," alisema, akaitia tiki. "Wewe jaza fomu ya wageni."

Niliwapanga wajumbe kwenye viti, kumi kwa hanga na wawili kwa uangalifu. Mapacha walikuwa wamelala. Nyamizi alikaa sakafuni nyuma ya viti vyao, mkono mmoja huku na mwingine kule, kuhakikisha waheshimiwa hawaanguki. Dakta Mkumbukwa hakuwatazama. Mjumbe hatazamwi, huhesabiwa tu.

"Waheshimiwa! Maji yametiririka bila kibali. Kesho kutwa watataka na umeme. Natoa hoja: kitufe cha Majimbali kifungwe tena, mabomba yafukuliwe, na huyu mkunga ashitakiwe kwa kutorosha maana." Alikuwa tayari ameshaanza kuandika. "Kuna anayepinga? Hakuna. Hoja ime..."

Nilimwona Bi. Zamaradi kwenye benchi la wananchi. Alikuwa amefumba macho, na mikono yake imeshikana.

Mheshimiwa wa Thelathini na Moja alipiga chafya.

Kisha akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, akiwa mwekundu, na ngumi moja ikachomoza kwenye ukosi chini ya ile namba. Wa Kumi na Mbili aliamka kwa kelele hizo naye akajiunga, ingawa ni marehemu. Sauti zao zilijaa ukumbi, zikatoka nje hadi korido ya masjala.

"Karani!" alipiga kelele Dakta. "Hiyo ni nini?"

Nilisimama. Miaka kumi na tisa sikuwa nimewahi kusimama kikaoni bila kuitwa.

"Ni wajumbe, Mheshimiwa. Wanapinga."

"Hao ni watoto!"

"Mheshimiwa, Waraka Namba Tisa unasema palipo na koti. Ndani ya koti awe nani, Waraka hausemi. Na amri yako imesema yaje jinsi yalivyo."

"Nyamazeni!" aliwaambia. Kadiri alivyofoka ndivyo na wao walivyopinga zaidi. Aliwageukia wale kumi wengine, kwa sauti ambayo sasa haikuwa ya kanisani tena. "Hakuna anayeniunga mkono? Waheshimiwa? Hata mmoja?" Nje ya dirisha Ndugu Lugongo alikuwa anarukaruka akipiga kioo na kusema anaunga mkono, anaunga mkono kabisa, lakini hakuwa na koti. Wale kumi walikaa kimya kama walivyokaa miaka yote.

Dakta Mkumbukwa alifunika kalamu yake. Baadaye akaifunua tena, akailaza juu ya faili. Akavua koti lake, akalitundika vizuri kwenye mgongo wa kiti, akasema anatoka kidogo.

Hajarudi mpaka leo, ingawa kila asubuhi namtia tiki. Majimbali pampu inafanya kazi, na zile ndoo mbili nasikia mwenyekiti wa kijiji amezipandia mchicha. Muhtasari wa kikao niliuandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, na upo masjala kwa yeyote anayetaka kuusoma: "Hoja ya kufunga kitufe imeanguka. Wajumbe wawili walipinga. Waliamriwa kunyamaza, wakakataa. Kisha wakanyonya."